Jinsi ya Kufungua Faili Lenye Mapengo Ukiwa Merti

Umefika mji wa Merti na vumbi la kutoka Isiolo kwenye nyusi, flashi moja mfukoni na moyo mweupe. Ndani ya flashi mna furushi la GB 3 ulilofungiwa na mtu anayejua kazi yake. Ni kompyuta nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja: mfumo, programu, ramani za visima na malisho, kila kitu. Kazi yako ni kulifungua tu kwenye kompyuta ya Linux iliyoko ofisini, ambayo ina nafasi ya GB 60. GB 3 ndani ya 60. Mtoto wa darasa la pili angekuambia inaingia, na ndiyo maana kazi hii hapewi mtoto wa darasa la pili. Fuata maelekezo haya hatua kwa hatua. Hayatakuzuia kukosea, lakini utajua ulikosea wapi.

Kwanza, usianze. Kaa, pokea chai, uliza zamu ni ya nani. Kwenye visima vya Waborana kuna mtu anayeitwa aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu za kunywesha: leo ng'ombe wa fulani, kesho ngamia wa fulani, na wewe uliyetoka mbali utangoja. Hakuna anayebishana naye kisimani. Ofisi yenye kompyuta moja nayo ina aba herega wake, hata kama hakuna barua iliyomteua. Mara nyingi ndiye mwenye chaja. Msalimie, mwulize habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, kwa mpangilio huo. Uliza pia habari za umeme, maana Merti imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa miji yenye kituo chake chenyewe, dizeli ikisaidiwa kidogo na jua, mbali na gridi ya taifa. Utaambiwa umeme upo. Usiulize hadi saa ngapi.

Pili, jifunze kwamba faili lina ukubwa wa aina mbili na yote ni ya kweli. Muulize mtu aliyekufungia furushi akusomee kutoka kwake. Akiandika ls -lh, faili litasema lina GB 100. Akiandika du -h kwa faili hilo hilo, litasema GB 3. Hapa watu wawili wenye akili timamu hugombana hadi adhuhuri. Wote wako sawa. Wa kwanza ameuliza faili linaanzia wapi na kuishia wapi. Wa pili ameuliza limekalia bloku ngapi za diski. Tofauti ya hayo majibu mawili ni mapengo: sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuandika kitu, hivyo mfumo wa faili haukuzitengea bloku hata moja. Mfumo huo umeandika tu kwenye daftari lake kwamba kutoka hapa hadi pale hapana kitu. Ukisoma ndani ya pengo, unapewa sufuri, moja baada ya nyingine, kwa heshima zote, ingawa sufuri hizo hazipo popote. Ukitaka majibu yote mawili kwa mkupuo, ls -lhs huweka bloku halisi kwenye safu ya kwanza na ukubwa wa kuonekana mbele yake. Usizisome nambari hizo kwa sauti mbele ya mkubwa wa ofisi. Atachagua moja na kuiweka kwenye ripoti.

Kama pengo bado linakusumbua kichwani, toka nje uangalie upande wowote. Utaona uwanda mtupu. Ndivyo ulivyoonekana kutoka Nairobi pia: Waraka wa Kikao Nambari 10 wa serikali ya Kenya, wa mwaka 1965, ulielekeza fedha za maendeleo kule kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na huku kukabaki kumeandikwa sufuri. Sasa mwulize mzee yeyote wa dedha, baraza linalosimamia malisho ya Waborana wa huku. Atakuonyesha kwa fimbo: yale ni malisho ya masika, yale ya kiangazi, na kule mbali pasipo na hata mbuzi mmoja ni akiba ya ukame, hapaguswi mpaka kwingine kote kumekauka. Utupu ule umepangwa, una mipaka na una walinzi. Chini yake pia kuna maji, ile akiba kubwa ya chini ya ardhi iliyopewa jina la mji huu, inayoenea mashariki hadi Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zimekuwa zikiinywa tangu miaka ya 1990. Pengo la faili ni la ukoo huo huo. Ni nafasi iliyotajwa, ikapimwa, ikaachwa. Anayekuja kulijaza kwa wema wake huwa hajauliza.

Tatu, fungua furushi. Andika tar -xf, jina la furushi, bonyeza. Hatua hii ni fupi kwa sababu tunajua matokeo. Baada ya muda kompyuta itakuambia kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Itakuambia kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisaidia kutupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na tulishukuru, ila teminali ikikasirika hurudi kwenye lugha ya kwao. Kwa wakati huu faili lako lina karibu GB 60, limekatika katikati, na diski imejaa hadi mdomoni.

Hapa kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaitii: cha kwanza kufutwa ni cha mtu mwingine. Utaona folda yenye picha za harusi ya mtu usiyemjua, na mkono utakuwasha. Usifute. Futa kipande chako mwenyewe kilichokatika, ndicho kilichokula nafasi. Ukifuta picha za harusi utapata GB 2, tar itaendelea kwa sekunde chache, na mwenye picha ni shemeji wa mwenye chaja.

Kanuni ya pili isiyoandikwa ni kwamba amri ikikataa, huongezewa sudo mbele. Usiongeze. Mfumo wa ext4, usipoubadilisha, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya mwenye mamlaka, ili siku raia wakishajaza kila kitu kompyuta iweze angalau kupumua na kuandika kumbukumbu zake. Ukija na sudo unafungulia kundi lako malisho ya akiba ya ukame. Litakula, litamaliza, na bado halitashiba, kwa kuwa linahitaji GB 100. Kesho asubuhi kompyuta itakataa hata kukuonyesha mahali pa kuandika nywila. Utaongeza sudo, najua. Nimelisema ili tusije tukalaumiana.

Nne, tafuta mkosaji. Desturi inataka ilaumiwe intaneti kwanza, lakini furushi lilikuja nawe kwa lori, kwa hiyo itabidi tuwe wakweli. Mkosaji wa kwanza ni mfungaji. Chombo cha tar hakitunzi mapengo kwa hiari. Lazima mfungaji aseme, wakati wa kufunga, tar -cSf, na hiyo S kubwa ndiyo inayomwambia aandike ramani ya mapengo badala ya kuyajaza. Asipoisema, tar husoma sufuri zote zisizokuwapo, huzigeuza kuwa sufuri zilizopo, na kuzipakia. Utajiuliza, mbona basi furushi lilikuwa GB 3? Ni gzip, programu ya kubana. Sufuri zikifuatana hubanwa vibaya sana, hadi kama mara elfu moja. GB 97 za sufuri hukunjwa zikawa kama MB 100, ambazo hakuna mtu angezigundua kwenye flashi. Umebeba hema ukidhani ni leso. Usijisumbue kuongeza S wakati wa kufungua: hukubaliwa bila kelele na haifanyi chochote. Watu wengi huiongeza, hupata faraja, na hushindwa vile vile.

Wapo watakaokushauri uangalie ukubwa wa kweli kwa gzip -l kabla ya kufungua. Wape shukrani. Nambari hiyo inasomwa kutoka mkia wa faili, mahali penye nafasi ya baiti 4 tu, kwa hiyo kila inapofika GB 4 huanza kuhesabu upya kama saa ya ukutani. Kama ndani ya furushi mna faili moja tu la GB 100 kamili lililojazwa sufuri, tar ya kawaida huongeza pambizo zake, na gzip ya kabla ya toleo la 1.12 la mwaka 2022 itakuambia bila kupepesa kwamba furushi lako la GB 3 likifunguliwa litakuwa na baiti 10,240. Yaani litapungua. Kompyuta ya ofisi huenda ni ya kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo fanya hivi: zcat furushi.tar.gz | wc -c. Data yote itafumuka, itapita kwenye bomba, itahesabiwa na kutoweka bila kulowesha diski, kama mto Ewaso Nyiro unavyotupita hapa ukaenda kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Jibu likiwa karibu na GB 3 na kidogo, mapengo yametunzwa na kosa liko kwako. Likiwa zaidi ya GB 100, mfungaji hakusema S. Hesabu huchukua muda, na umeme, kama ulivyoambiwa, upo.

Sasa mpigie simu mfungaji. Panda kidogo mahali penye mtandao mzuri, msalimie, kisha sema taratibu, "Ndugu yangu, nadhani S ilisahaulika." Atakujibu kwamba kwake ilikubali. Jibu hili ni la kweli na halina faida. Kwake kuna diski ya TB 4. Usimwombe afunge upya kwa leo, kwa sababu atakuambia sawa, na neno sawa likitoka Nairobi husafiri polepole kuliko lori.

Tano, jitibu. Dawa inayotajwa na kila mtu ni cp --sparse=always, ambayo hunakili faili na kugeuza kila mlolongo mrefu wa sufuri kuwa pengo. Ni dawa nzuri. Inahitaji tu uwe tayari umefungua faili lote la GB 100, yaani uwe na nafasi ambayo kukosekana kwake ndiko kulikokuleta kwenye dawa. Dada yake, fallocate -d, huchimba mapengo ndani ya faili lenyewe pasipo nakala ya pili, na kwenye ext4 na XFS anafanya kazi vizuri. Naye husubiri faili liwe limekwisha kufunguka. Huu ni ukarimu wa mwenye nyumba anayekuahidi chakula ukishashiba.

Njia ipo, na nakupa kwa kuwa umevumilia hadi hapa. Unamwambia tar asiandike faili kwenye diski bali alitapike kwenye bomba, na upande wa pili wa bomba unamweka cp achambue: tar -xOf furushi.tar.gz diski.img | cp --sparse=always /dev/stdin diski.img. Hiyo diski.img ni jina la faili lililomo ndani ya furushi. Na hiyo ni O kubwa, herufi ya O, si sufuri. Ukiandika sufuri, tar itakugombeza, na kwa siku kama ya leo itakuwa ndiyo sufuri pekee iliyokataliwa. Amri ikiisha, uliza tena ls -lhs. Safu ya kwanza isome GB 3, ya mbele isome GB 100. Ikitokea hivyo mara ya kwanza, usishangilie. Kuna mtu atakuja kukuomba umfanyie na yeye, na huyo wake alifungwa kwa programu nyingine kabisa.

Kuna tatizo jingine ambalo halitakupata, kwa hiyo nalitaja haraka. Ukifungua furushi lililofungwa vizuri, lenye S na kwa mtindo mpya, lakini ukatumia programu ya kufungulia isiyoelewa mtindo huo, utakuta folda yenye jina GNUSparseFile na nambari mbele yake, na ndani yake faili dogo. Faili hilo si bovu. Ni vipande vya data vimesogezwa pamoja, kama meno yaliyong'oka na kupangwa kwenye mfuko, na mwanzoni mwake kuna ramani inayosema kila jino lilikuwa wapi. Lifungue upya kwa tar ya GNU, au tumia xsparse kurudisha meno kwenye fizi. Watu wa kawaida hulibadilisha jina tu likaishia na img na kulituma kwa wengine. Ikiwa wewe ndiye uliyetumiwa, sasa unajua.

Sita, usipeleke faili popote. Hapa ndipo wengi waliofaulu hufelia. Umepata mapengo yako, umefurahi, ukataka kumpa mwenzio nakala kwenye flashi. Flashi za dukani huja na FAT32 au exFAT, na hizo hazijui pengo ni nini. FAT32 aidha haipokei faili lolote linalofika GB 4. Ukilisafirisha kwa scp, litajazwa njiani na kufika nono. Kwa rsync, kumbuka kusema -S. Kama umeamua kuifomati flashi iwe ext4, hongera, mapengo yatasafiri salama hadi kompyuta ya kwanza yenye Windows, ambayo itasema haiitambui flashi hiyo na kuuliza kama ungependa ifomatiwe. Katika kila ofisi kuna mtu mmoja mwenye moyo wa kusaidia ambaye hubonyeza ndiyo. Mjue mtu huyo mapema. Mwagize chai.

Pengine utataka kuhakikisha kuwa nakala ni sawa na ya awali, na utatumia sha256sum kama ulivyofundishwa. Fanya, ni tabia njema. Ila ujue kwamba faili lenye mapengo na lile lililojazwa sufuri hutoa jibu moja lile lile, herufi kwa herufi, kwa maana kusoma pengo na kusoma sufuri hakuna tofauti. Kipimo unachokiamini kuliko vyote kitakuthibitishia kwamba hakuna kilichoharibika, wakati diski imejaa na mwenye chaja amesimama nyuma yako. Yaliyomo yametimia. Kilichopotea ni habari ya wapi palikuwa patupu, na habari hiyo haihesabiwi kuwa yaliyomo. Wazee wa Isiolo waliokaa mbele ya picha za setilaiti zilizoangazwa ukutani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakitaja kisima kimoja kimoja na mipaka ya malisho ili ichorwe kwenye ramani ya dijitali, wangelielewa jambo hili haraka kuliko mhandisi. Picha ilikuwa sahihi hadi kwenye kichaka cha mwisho. Haikusema tu ni wapi pameachwa makusudi.

Saba, washa hiyo kompyuta iliyokunjwa ndani ya faili. Itawaka. Itajitazama ndani na kuona ina diski ya GB 100, karibu yote wazi, na itafurahi kama mtoto aliyepewa ahadi. Hakuna aliyeiambia kwamba imekaa juu ya GB 60. Kila itakapoandika ramani mpya, kumbukumbu mpya, masasisho iliyoyavuta usiku bila kuomba ruhusa, pengo moja litajaa na bloku moja ya kweli itachukuliwa. Mapengo yakishajaa hayarudi yenyewe: ukifuta faili ndani yake, nje huoni nafuu yoyote mpaka mtu aje achimbe upya. Ndani itasoma kwamba kuna nafasi tele. Nje df -h itasema imebaki GB 9, kisha 4, kisha 1. Angalia df -h ya nje kila asubuhi, andika nambari ukutani kwa chaki. Utafanya hivyo kwa wiki mbili.

Siku itakapojaa itakuwa Ijumaa, watu wameenda msikitini, na wewe peke yako ndiye uliyebaki ofisini. Usiguse picha za harusi. Zima kompyuta, rudisha chaja mahali pake, uulizie lori linaloondoka alfajiri na uombe kiti cha mbele. Ukifika Isiolo nunua diski ya TB 1, na usimwambie mtu ni ya nini.